Biopsi ya mfupa wa mtoto imerudi bila jibu: turudie au tusubiri?

Swali: "Daktari, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka 9. Tangu Mei analalamika paja la kushoto, hasa usiku, na homa inakuja na kuondoka. Zahanati walimpa antibayotiki mara mbili, akapata nafuu kidogo, maumivu yakarudi. Eksirei na MRI zikaonyesha sehemu ya katikati ya fupa la paja imelika na utando wa juu ya mfupa umeota tabaka. Hospitali ya rufaa wakampiga nusu kaputi, wakamchukua kinyama kwa sindano wakiongozwa na CT. Tumesubiri wiki tatu. Majibu yanasema: vipande vya mfupa, vingine vimekufa, mchochota sugu usio mahususi, hakuna seli za saratani zilizoonekana kwenye sampuli hii, linganisha na picha. Sasa wanasema huenda wakarudia. Shemeji yangu anasema sindano ndiyo inayosambaza kansa, na anataka tumpeleke kwa fundi wa mifupa kijijini. Je, mwanangu ana kansa au hana? Kurudia kuna faida gani? Na yeye mwenyewe nimwambie nini? Anauliza kila siku." (Mama, Morogoro)

Jibu:

Marahaba, mama, na pole kwa kuuguza. Nimeisoma barua yako mara mbili, kisha nikarudi kwenye ule mstari ulionakili kwa uangalifu: "hakuna seli za saratani zilizoonekana kwenye sampuli hii." Uzito wote umekaa kwenye maneno ya mwisho. Mwanapatholojia, yaani daktari anayesoma sampuli kwa darubini, hakumwona mwanao. Ameona vipande vichache vyembamba vilivyomfikia ndani ya kichupa, na ni hivyo tu anavyoweza kuvisemea. Hajasema mtoto ana kansa, hajasema hana. Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu bila kukuzungusha: kwa karatasi hiyo peke yake hakuna daktari anayejua, na anayekupa uhakika leo, wa upande wowote, anabahatisha.

Hata hivyo karatasi hiyo si kazi bure. "Mchochota sugu" maana yake ni kwamba seli za kinga za mwili zimejaa mahali hapo na zimekuwapo kwa muda. Huenda sindano ilipita jirani na ugonjwa, ikachukua mfupa wa pembeni ambao umechokozwa tu na kinachoendelea karibu yake. Huenda ilifika penyewe, lakini ikatoa kidogo mno, au ikatoa sehemu iliyokwisha kufa. Na huenda, jambo ambalo wazazi wengi hawaelezwi, ilifika, ikachukua cha kutosha, na jibu ni hilohilo: mchochota. Yapo magonjwa ya mifupa ya watoto ambayo chini ya darubini hayana sura nyingine. Kinachotakiwa sasa ni kujua mwanao yuko kwenye hali ipi kati ya hizo, na nusu ya kazi hiyo inaweza kufanyika kabla hajaguswa tena.

Acha nikueleze kilichotokea mle ndani ya chumba cha CT, kwa sababu ukikielewa utajua cha kuuliza. Mtoto amelala, mtaalamu wa usingizi yuko kichwani kwake. Tunabandika kwenye ngozi ya paja karatasi yenye vistari vya chuma, tunapiga picha, tunapima kwenye skrini ni sentimita ngapi kutoka ngozi hadi pale mfupa ulipolika. Tunachana ngozi milimita tatu au nne tu. Kisha sindano, na usifikirie ile ya chanjo: ni bomba la chuma lenye unene wa milimita kama tatu, ndani yake limezibwa na msumari wenye ncha. Ganda la nje la mfupa mkononi linakuja kama kifuu cha nazi. Unazungusha, unasukuma, wakati mwingine unatumia keekee ndogo, unasimama, unatoka nje, unapiga picha kuona umefika wapi, unarudi. Ganda likishatobolewa unasikia mkono umelegea ghafla, kama umeingia kwenye nyama ya dafu. Hapo ndipo msumari unatolewa na bomba linakata kipande. Kikitoka ni chembamba kama njiti ya kiberiti, urefu wa sentimita moja, pengine mbili. Hicho ndicho "kinyama" kilichosafiri hadi maabara.

Sasa fikiria ugonjwa wenyewe una ukubwa wa embe dogo. Ndani ya embe hilo kuna sehemu iliyokufa, sehemu yenye damu tupu, sehemu ambayo mwili umejenga mfupa mpya kujihami, na sehemu iliyo hai inayokua. Jibu liko kwenye ile iliyo hai. Njiti ikitoka katikati palipokufa, mwanapatholojia ataandika "mfupa uliokufa". Ikitoka kwenye ukuta wa kujihami, ataandika "mfupa mpya na mchochota". Yote mawili ni kweli, na yote mawili hayakusaidii. Ndiyo maana idadi ya vipande ina maana. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kwa mifupa faida ya kuongeza vipande huendelea hadi cha tatu, kisha kinachoongezwa hakibadilishi sana. Kipande kimoja kwa mfupa uliolika namna hii mimi sikubaliani nacho. Waulize walichukua vingapi, na kutoka wapi.

Kwenye CT kunakuwa na picha iliyopigwa sindano ikiwa ndani ya mfupa. Picha hiyo inahifadhiwa, na ndiyo ushahidi. Omba mtaalamu wa radiolojia, yaani daktari wa picha, aiweke kando ya MRI akuonyeshe ncha ya sindano ilikuwa wapi ukilinganisha na sehemu inayong'aa kwenye MRI baada ya dawa ya mshipani. Ikiwa ncha ilikuwa penyewe, mazungumzo yanakwenda njia moja. Ikiwa ilikuwa pembeni, umeshapata sababu ya kurudia, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo; hata mikono iliyozoea hukosa. Tafiti zilizochapishwa zinaonyesha biopsi ya sindano kwa mifupa ya watoto inatoa jibu la kutumika kwa walio wengi, zaidi ya saba kati ya kumi. Anayebaki bila jibu si mtoto wa ajabu.

Sasa nije kwenye kichupa. Hapa nitakueleza kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimchoma sindano binti wa miaka sita aliyekuwa na maumivu ya muundi. Nilipata vipande vinne vizuri sana, nikavipanga kwenye shashi, nikageuka kumfunga jeraha. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwa sauti kwamba viwili viende maabara ya vimelea. Vyote vinne vikatumbukizwa kwenye fomalini. Fomalini inatunza umbo la seli kwa ajili ya darubini, lakini inaua kila bakteria aliyekuwamo, na kilichokufa hakioteshwi. Majibu yalirudi kama ya mwanao: mchochota sugu usio mahususi. Wiki nne baadaye nilimrudisha mezani mtoto wa watu. Safari ile kipande kilichowekwa kwenye maji ya chumvi safi kilioteshwa, wakaota bakteria aina ya stafilokokasi, tukajua dawa gani inawaua, na binti akapona. Wiki nne za maumivu kwa sababu ya sentensi moja ambayo sikuisema. Tangu siku ile vichupa naviandika kabla mtoto hajalazwa.

Kwa hiyo uliza: je, kuna kipande kilichopelekwa kuoteshwa? Kuna kilichopimwa kifua kikuu kwa mashine ya GeneXpert? Madaktari wa mifupa wana msemo wao wa siku nyingi kwamba kila unachodhani ni maambukizi kipime kansa, na kila unachodhani ni kansa kioteshe vimelea. Msemo huo umewekwa kwa ajili ya watoto kama wako hasa. Homa, maumivu ya usiku, mfupa uliolika na utando ulioota tabaka kama maganda ya kitunguu: hiyo ni sura ya maambukizi ya mfupa, na ni sura ya saratani iitwayo Ewing. Saratani ya Ewing inaleta homa, inapandisha vipimo vya mchochota kwenye damu, na wakati mwingine ikifunguliwa inatoa majimaji ambayo mpasuaji anaweza kuapa ni usaha. Watu wenye asili ya Afrika huipata kwa nadra sana kuliko wengine, na hilo ni la kushukuru, lakini nadra si sawa na haipo, na sitaifuta kwenye orodha ya mwanao kwa sababu hiyo peke yake.

Kuna jambo la antibayotiki pia. Alizinywa mara mbili kabla ya sindano. Dawa hizo huenda hazikutosha kuponya mfupa, ambao unahitaji wiki nyingi za dawa, lakini zinatosha kabisa kuwaficha bakteria wasiote maabara. Ndiyo maana kuotesha kukirudi mikono mitupu haimaanishi maambukizi hayapo. Mtoto asipokuwa na homa kali wala dalili za sumu ya bakteria kwenye damu, madaktari mara nyingi husimamisha antibayotiki kwa muda kabla ya biopsi ya pili ili kuwapa vimelea nafasi ya kujitokeza. Ila usizisimamishe mwenyewe nyumbani. Hilo waamue wao wakiwa wanamwangalia.

Na dawa moja naomba usimpe mtu yeyote ruhusa ya kumpa mwanao kabla jibu halijapatikana: predinisoloni, deksamethasoni, na ndugu zake wote wa steroidi. Zinauzwa kirahisi, zinatuliza maumivu haraka, na mtoto anachangamka. Lakini kama ugonjwa ni saratani ya damu au ya tezi, dozi chache zinaweza kuzisinyaza seli kiasi cha biopsi ijayo kutoona kitu, huku ugonjwa ukiendelea kuwapo. Nimeona familia zikipoteza miezi kwa njia hiyo. Maumivu yatulizwe kwa dawa za maumivu za kawaida atakazoandikiwa.

Saratani ya damu nimeitaja kwa sababu watoto wengine huanza na maumivu ya mifupa kabla ya kitu kingine chochote. Picha kamili ya damu na damu kuangaliwa kwenye kioo ni vipimo vya bei ndogo, vya siku hiyohiyo, na sijaona kwenye barua yako kama vilifanyika. Vifanyike. Hali kadhalika kipimo cha siko seli, kama hakijawahi kufanyika. Kwa mtoto mwenye siko seli kipande cha mfupa kinaweza kufa kwa kukosa damu, kikauma, kikaleta homa, na kwenye picha kikafanana sana na maambukizi. Na akipata maambukizi ya kweli, bakteria wa salmonela huwa miongoni mwa wa kwanza kushukiwa. Huko kwetu ugonjwa huu si mgeni, na wapo watoto wanaofika miaka tisa bila mtu kuwahi kuuliza. Mstari wa "mfupa uliokufa" kwenye majibu yake ungesomeka tofauti kabisa kama ana siko seli.

Turudi maabara, kwani mengi yanaamuliwa huko wakati wazazi wanadhani karatasi imekwama mezani kwa mtu. Mfupa haukatwi kwa kisu cha maabara ukiwa mgumu. Lazima kwanza uloweshwe utolewe chokaa, na hilo huchukua siku kadhaa, wakati mwingine zaidi ya wiki. Ikitumika asidi kali, kazi inakwenda haraka lakini vinasaba vya seli vinaharibika, na baadaye ukitaka kupima badiliko la vinasaba linalothibitisha Ewing unakuta hakuna kilichosalia. Ikitumika EDTA, kemikali ya upole zaidi, inachukua muda mrefu zaidi ila seli zinabaki zinapimika. Ndiyo sababu kipande laini, chenye nyama kuliko mfupa, tunapenda kukitenga kisiguswe na asidi kabisa. Mzazi huwezi kuisimamia maabara, lakini daktari wako anaweza kupiga simu na kuuliza, na simu hiyo inafaa kupigwa kabla ya biopsi ya pili, isije ikapigwa baada yake.

Kuna habari njema hapa. Kipande kikishapimwa hakitupwi. Kinagandishwa kwenye nta na kuhifadhiwa. Kutoka kwenye nta hiyo vinaweza kukatwa vioo vingine na kupakwa rangi maalumu: CD99 kuwinda Ewing, CD1a kuwinda histiositosisi ya Langerhans, ugonjwa wa aina fulani ya seli za kinga, na nyinginezo za limfoma, yaani saratani ya tezi. Ya Langerhans ni ya kuijua, kwa sababu nayo hula mifupa ya watoto, huonekana vibaya kwenye picha, na bado mara nyingi ikiwa mfupa mmoja tu hutulia kwa tiba ndogo. Nimeona ikianza kupona yenyewe baada tu ya sindano ya biopsi. Limfoma ya Burkitt, ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Uganda, hupenda zaidi taya na tumbo, hivyo kwenye paja pekee siyo ya kwanza kuifikiria. Kama hospitali yenu haina rangi hizo, una haki ya kuomba kipande cha nta na vioo vipelekwe kwa mwanapatholojia mwingine. Vinabebeka kwenye bahasha. Nimeshuhudia mara kadhaa "usio mahususi" ukigeuka kuwa jina kamili la ugonjwa bila mtoto kuchomwa tena, kwa sababu tu jicho la pili liliangalia likiwa limepewa MRI na historia yote.

Historia yote, nasema, kwa sababu fomu zinazokwenda maabara mara nyingi huandikwa "maumivu ya mguu, biopsi" basi. Mwanapatholojia anabaki anasoma sentensi moja katikati ya kitabu. Kinachotakiwa kwa mwanao ni watu wanne kukaa meza moja, hata kwa simu: wa radiolojia, wa patholojia, mpasuaji wa mifupa na daktari wa saratani za watoto. Swali lao ni moja: je, kilichoonekana kwenye kioo kinaweza kuwa chanzo cha kilichoonekana kwenye picha? Kama picha inaonyesha mfupa ulioliwa kwa kasi, wenye uvimbe wa nyama pembeni, na kioo kinaonyesha mchochota mdogo tu, basi havikubaliani, na lazima kurudia hata kama karatasi imeandikwa "hakuna saratani". Kama vinakubaliana, mambo yanatulia.

Vikikubaliana, yapo mawili ya kufikiria. Kwanza ni maambukizi sugu ambayo vimelea vyake vimejificha. Hapo mtoto anatibiwa kwa antibayotiki ya mfupa kwa wiki kadhaa, lakini kwa masharti. Maumivu yapungue, vipimo vya mchochota kwenye damu, CRP na ESR, vishuke, picha ianze kubadilika. Visiposhuka, msikubali kubadilishiwa antibayotiki ya tatu na ya nne. Rudini kwenye sindano. Pili ni mchochota wa mifupa usio na vimelea kabisa, unaojirudia, ambao Giedion alikuwa wa kwanza kuueleza mwaka 1972. Huo haupatikani kwa kuonekana. Unapatikana kwa kuondoa mengine yote, na MRI ya mwili mzima husaidia kwa sababu mara nyingi mifupa mingine inakuwa imeguswa bila kuuma. Hutibiwa kwa dawa za kutuliza mchochota, na mtoto haongezewi antibayotiki zisizo na kazi.

Nimeulizwa maoni, nayatoa: kwa jinsi ulivyoeleza picha, na kwa kuwa maumivu ni ya usiku na yamerudi, mimi ningerudia biopsi, baada ya vioo kuangaliwa upya na damu kupimwa, na nisingengoja zaidi ya wiki mbili kuanza kupanga. Sindano tena inatosha ikiwa MRI inaonyesha sehemu iliyo hai ambayo mara ya kwanza haikufikiwa. Ikiwa ilifikiwa na bado hakuna jibu, biopsi ya kufungua kwa kisu ndiyo inayofuata, kwa sababu inatoa kipande kikubwa.

Hapa pana jambo moja la kushikilia. Biopsi ifanywe, au angalau ipangwe, na mpasuaji yuleyule atakayemtibu iwapo itakuwa saratani. Njia ya sindano lazima ipite pale ambapo kisu cha baadaye kitapita, isitoboe kiungo, isipite kwenye msuli ambao ungehitajika kuokoa mguu, na kwa mtoto isiguse sehemu ya ukuaji ya mfupa. Henry Mankin, daktari wa mifupa wa Boston, na wenzake walikusanya hesabu za wagonjwa 329 mwaka 1982, kisha 597 mwaka 1996. Makosa makubwa ya kutambua ugonjwa yalikuwa asilimia 18.2 safari ya kwanza na 17.8 ya pili, na matatizo yalikuwa mara 2 hadi 12 zaidi pale biopsi ilipofanywa kwenye hospitali iliyotoa rufaa badala ya kituo kilichomtibu mgonjwa. Wapo waliokatwa viungo ambavyo vingeokolewa. Kwa hiyo kutoka Morogoro, ningependa ya pili ifanyike Muhimbili, ambako taasisi ya mifupa ya MOI na wodi ya saratani za watoto ziko uwanja mmoja. Huko pia, tangu mwaka 2018, walimu kutoka Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani walianza kuja kufundisha radiolojia tiba, yaani tiba na biopsi zinazoongozwa na picha, na sasa tunao Watanzania waliofuzu kazi hii ya sindano. Kuhusu gharama, nenda mapema ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hujauza kitu. Na ikithibitika ni saratani, matibabu ya watoto pale hutolewa bila malipo kwa msaada wa shirika la Tumaini la Maisha.

Shemeji yako. Hofu yake naiheshimu, kwani hakuitunga. Watu wameona ndugu akichomwa sindano, na miezi miwili baadaye akazidiwa. Lakini aliyezidiwa alikuwa anazidiwa tayari. Saratani za mifupa zinaposafiri hupita kwenye damu kwenda mapafuni, na hufanya hivyo bila kuhitaji sindano yetu. Seli kubaki kwenye njia ya sindano hutokea kwa nadra sana, na ndiyo sababu njia inapangwa ili mpasuaji aje aiondoe pamoja na uvimbe. Mwambie hivyo kwa upole, na ukiweza nenda naye kliniki asikie mwenyewe. Fundi wa mifupa wa kijijini huenda ana mkono mzuri kwa mtu aliyeteguka. Huu si mteguko. Mfupa ulioliwa katikati ukichuliwa na kuvutwa unaweza kuvunjika, chale zinaweza kuingiza vimelea vipya, na kama ni saratani, miezi mitatu ya dawa za kupaka ndiyo tofauti kati ya kuokoa mguu na kuukata. Sisemi hivyo kukutisha. Nimepokea watoto waliokuja wakiwa wamechelewa hivyo, na mama zao walikuwa wanawapenda kama wewe unavyompenda wako.

Wakati mnasubiri, uliza mguu huo unaweza kubeba uzito kiasi gani. Hadi ujibiwe, hakuna mpira, hakuna kuruka, hakuna kupanda miti. Magongo ni bora. Mrudishe hospitali siku hiyohiyo, usisubiri tarehe ya kliniki, akishindwa kukanyaga ghafla, paja likivimba haraka, homa ikipanda na isishuke, akipauka au kutoka damu puani na kwenye fizi, au mguu ukifa ganzi. Andika kwenye daftari anaumwa saa ngapi za usiku na dawa gani imemtuliza. Daftari hilo litasomwa kuliko unavyodhani.

Sasa yeye. Mtoto wa miaka tisa anayeuliza kila siku ameshaona uso wako, na akinyimwa jibu atajitungia lake, ambalo huwa baya kuliko la kweli. Mwambie: "Madaktari walichukua kipande kidogo cha mfupa wako kutafuta kinachokuuma. Kile kipande hakikuwa na jibu. Huenda wakachukua kingine." Usimwahidi kwamba hataumwa hata kidogo. Mwambie atalala, hatasikia sindano, na akiamka paja litauma kama amegongwa, siku mbili tatu, na atapewa dawa. Akiuliza kama ni kosa lake, kwa sababu alianguka shuleni au alicheza sana, na watoto wengi huuliza hivyo kwa sauti ndogo usiku, mwambie hapana, halikuletwa na kuanguka. Kama atauliza ni kansa, mwambie bado hatujui, na kwamba siku utakapojua na yeye atajua. Kisha mpe kazi ya kwenda nayo: siku ya biopsi, kabla hajalala, amwambie daktari mwenyewe kwa kidole ni hapa ndipo panauma zaidi. Mimi huwa nawaomba wanionyeshe, na huwa natia alama ya kalamu hapohapo kwenye ngozi.